Tumbo la Eda

Siku ya hamsini na tatu ya eda yake, Mwanawetu Yasini alishindwa kufunga kanga mahali alipozoea kuifunga.

Alijaribu mara mbili. Pindo lilifika, lakini lilikaza kama kamba ya mzigo, na alipovuta pumzi likafyatuka. Akasimama katikati ya chumba, kanga mkononi, akilitazama tumbo lake kama mtu anayemtazama nyoka aliyejikunja darini. Asubuhi ile ile lilikuwa bapa. Sasa alasiri inakaribia, nalo limejaa, gumu, limesimama mbele yake kama la mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano.

Mumewe Jumaa alifariki mwezi wa sita, ufuta ukiwa umeshavunwa. Kabla ya hapo alilala miezi kumi na minne kwa kiharusi: upande mmoja umekufa, maneno yamepotea, anageuzwa kitandani kama gunia. Pale kijijini kwao, Mandawa, hapakuwa na asiyejua. Wifi yake Zuleha, dada wa marehemu, alikuwa akija kusaidia kumwogesha. Jirani yao Awadhi, mwanamume mwenye kifua kipana na maneno machache, ndiye aliyeitwa kila jioni kumwinua Jumaa na kumkalisha kwenye kiti. Kwa hiyo mjane wa mume wa namna ile akikaa eda, halafu tumbo likapanda, watu hawataulizana mengi. Wataulizana jina tu.

Mwanawetu alikuwa na miaka arobaini na sita. Siku zake zilianza kuyumba tangu mwaka uliopita. Zinakuja mwezi huu, zinaruka miwili. Mwanzoni mwa eda mkwewe, Bi Sabaha, alimuuliza kama ilivyo desturi, naye alijibu kweli: mara ya mwisho ni mwezi wa nne. Wakati ule jibu hilo halikumtisha mtu. Sasa lilimtisha yeye mwenyewe. Alijua hajafanya lolote. Alijijua kama alivyoijua njia ya kwenda kisimani. Lakini hofu ina akili zake, nayo ilimkalia kitako ikawa inamhoji: na wakikuuliza tena, utasemaje?

Nyuma ya hofu hiyo ilikuwepo nyingine, kongwe zaidi. Mama yake mdogo, aliyekuwa akiishi Lionja kule Nachingwea, alianza hivi hivi. Tumbo lilijaa jioni, likanguruma, likamsumbua. Watu wakasema ni gesi, wengine wakasema ni chango, muuza dawa mmoja mnadani akasema ni minyoo. Miezi sita baadaye macho yake yalikuwa ya manjano kama maua ya alizeti, mikono imebaki mifupa, na tumbo limekuwa kubwa hata hazioni nyayo zake. Mwanawetu ndiye aliyemkosha maiti. Hajasahau uzito wa lile tumbo.

Basi alifanya kama anavyofanya mtu mwenye hofu: alificha. Alichana kanga kuukuu vipande vitatu, akajifunga mkaja kama mzazi, kitambaa juu ya kitambaa, akakaza mpaka akaona vimulimuli. Juu yake akavaa gauni lake jeupe la eda, pana kama pazia. Alipojitazama, tumbo lilikuwa limerudi ndani. Akashukuru.

Kila siku, mchana kutwa, alikaa mkekani. Mjane wa eda hatembei ovyo. Miezi minne na siku kumi ni ya kutulia ndani, na yeye alitulia kweli, akitoka kwenda uani tu na kurudi. Wanawake waliingia na kutoka kumliwaza, wengine na kunde, wengine na kisamvu, wengi wao na mbaazi, maana mbaazi za mwaka huo zilikubali na kila jiko lilinukia mbaazi. Ndugu wa mjini walileta kreti za soda. Mbele za watu Mwanawetu alimega kidogo tu, kwa sababu mjane mwenye hamu ya kula husemwa. Wageni wakishaondoka, njaa ilikuwa imeshamkata, basi alikula haraka haraka, matonge makubwa ya ugali wa muhogo yasiyotafunwa, akihofia mwingine asije akabisha hodi.

Na jambo ambalo asingelisema kwa mtu yeyote: alikuwa akijizuia. Chumba kimejaa wanawake, wengine wazee wa kuheshimiwa, wengine wanasoma sura ya Yasini; utaachaje upepo utoke? Isitoshe kulikuwa na udhu. Alitawadha adhuhuri, akataka udumu mpaka alasiri, kwa sababu kutoka kila mara kwenda kutawadha tena kungewafanya watu wahesabu safari zake za uani. Basi alibana. Tumbo lilinung'unika chini ya mkaja, naye akakohoa ili sauti isisikike.

Tumbo lilipozidi, akazidisha dawa zake mwenyewe. Aliacha kula mchana kutwa akidhani litapungua, kisha jua likizama alikula sahani mbili. Alikunywa soda kwa sababu ilimfanya ateuke, na kwa dakika chache kifua kilifunguka. Halafu yote yakarudi na nyongeza. Akakoroga magadi kwenye maji, akanywa, akatapika nusu. Binti yake Samia, aliyeolewa Kilimarondo, alipopiga simu kumjulia hali, alimwambia, "Mimi mzima, mwanangu, ni uchovu tu wa kukaa." Akakata simu akalia.

Zuleha ndiye aliyeanza.

"Wifi, mbona unajifunga hivyo? Joto lote hili."

"Kiuno kinaniuma."

Zuleha alikuwa akichambua mchele. Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Alimtazama Mwanawetu kuanzia kifuani, akashuka taratibu, akakaa hapo chini muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Kiuno," akasema. "Haya."

Kesho yake asubuhi Mwanawetu alikuwa nyuma ya nyumba, upande wa bafu la makuti, aliposikia sauti ya Zuleha akizungumza na kaka yake, Hamidi, mdogo wa marehemu.

"Mimi sisemi kitu, kaka. Nasema macho yangu yanaona. Na yule Awadhi alikuwa anaingia humu kama kwake."

"Nyamaza, mama atasikia."

"Mama naye si ana macho? Ijumaa namleta Bi Zuhra ampapase. Kungwi hadanganywi. Kama hamna kitu, basi hamna kitu."

"Na kama kipo?"

Mwanawetu alishika ukuta wa makuti kwa mikono miwili. Ilikuwa Jumanne.

Siku ile ile mke wa Awadhi alipita na ndoo kichwani. Mwanawetu alimsalimu kupitia dirishani. Yule mwanamke aliendelea kutembea, ndoo haikutikisika. Na Awadhi mwenyewe, ambaye tangu msiba alikuwa akiacha mzigo wa kuni mlangoni mara mbili kwa wiki bila kusubiri ahsante, hakuleta tena. Neno lilikuwa limeshatoka nyumbani. Lilikuwa linatembea kwa miguu yake lenyewe.

Jumatano alasiri, akiwa katika sijda, kitu kilimchoma chini ya mbavu za kushoto. Hakikuwa kichomi cha kawaida. Kilipanda hadi begani, kikamziba pumzi, na paji la uso wake likabaki chini kwenye msala kwa sababu hakuweza kuliinua. Alidhani moyo umepasuka. Akataka kutamka shahada, maneno yakakwama. Akaanguka ubavu.

Bi Sabaha alisikia kishindo. Alikuwa na umri wa miaka sabini na kitu, anatembea na fimbo, na Kiswahili chake kilikuwa cha mkato. Lugha ya moyo wake ni Kimwera. Aliingia, akafunga mlango nyuma yake kwa komeo, akapiga magoti kwa shida.

"Mama Samia. Umefanya nini humu?"

Vidole vya bibi vilikwisha gusa fundo chini ya gauni. Akalifungua. Akafungua la pili. La tatu lilikuwa limekaza mno, akaomba kisu, akakumbuka hakuna mtu mwingine chumbani, akalifungua kwa meno. Kitambaa kilipoachia, tumbo likapanda lote kwa mara moja, na katika ngozi zilibaki alama nyekundu kama za mtu aliyefungwa kamba. Mwanawetu alifumba macho. Hakutaka kuuona uso wa mkwewe.

"Niambie kweli," Bi Sabaha akasema. "Mimi mzee. Mimi karibu nakwenda. Niambie mimi."

"Mama, wallahi sijamjua mwanamume tangu siku mwanao alipoanguka. Wallahi." Machozi yalikuwa yanamwingia masikioni. "Ninaogopa. Naogopa ni ule ugonjwa wa mama mdogo. Na kama si ugonjwa, naogopa zaidi, maana hamtaniamini. Hata mimi nitakosa la kusema."

Bibi aliuweka mkono wake mkavu juu ya tumbo, akausogeza huku na huku. Chini ya kiganja chake tumbo likanguruma, ngurumo ndefu iliyoanzia juu kulia ikateremka mpaka kushoto, na mwisho wake, kwa kuwa mkaja haupo tena, upepo ukatoka. Ukatoka kwa sauti. Mwanawetu alijifunika uso kwa aibu. Lakini maumivu ya ubavuni yalilegea pale pale kama mkono ulioachia.

"Nimezaa tisa," Bi Sabaha akasema. "Mtoto hangurumi hivi. Hii si mimba. Lakini ni nini, mimi sijui. Kesho hospitali."

"Mama, niko edani."

"Eda haimfungi mgonjwa. Sheikh anajua, na Mungu anajua."

"Ruangwa mjini watatuona."

"Basi Nachingwea."

Alfajiri ya Alhamisi waliondoka, Bi Sabaha amewaambia wanawe kwamba mkwe wake ni mgonjwa na asiulizwe mtu swali. Njia nzima Mwanawetu alishika bahasha ya daftari la kliniki kifuani, akiwa na hakika moja tu: kwamba akirudi, atarudi ama na habari ya kifo ama na habari ya fedheha.

Hospitalini alipewa kikopo cha mkojo, akaenda akarudi nacho. Baada ya safari ile, tumbo lilikuwa limeanza kujaa tena. Muuguzi msichana, mwenye haraka zake, alipita mbele ya benchi, akamwona, akasema kwa upole kabisa, "Mama, wajawazito wanakaa upande ule."

Watu wote wa benchi waligeuka. Mwanawetu alihisi damu imehama mwilini.

"Mkwe wangu mgonjwa," Bi Sabaha akasema, akaipiga fimbo sakafuni. "Anakaa hapa."

Walisubiri. Kila mlango ulipofunguka, Mwanawetu alimwona mtu wa Mandawa. Kila mara akawa mtu mwingine. Akaanza kujihesabia makosa yake yote ya maisha, kama kuna moja lililostahili haya. Jina lake lilipoitwa hakulisikia. Bibi ndiye aliyemvuta mkono.

Daktari alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, jina lake Saturnini. Aliwaamkia, akamwomba Bi Sabaha akae karibu na kitanda, kisha akasema kwanza lile ambalo pengine aliona linasubiriwa zaidi.

"Kipimo cha mimba hakina kitu, mama."

Mwanawetu alisikia mkwewe akishusha pumzi. Yeye mwenyewe hakushusha. Hofu moja ilipotoka, ile kongwe ilichukua nafasi yote.

"Basi ni uvimbe," akasema.

"Tutaangalia. Lala."

Alimgonga tumbo kwa vidole, hapa na pale, kama mtu anayechagua tikiti sokoni, na kila alipogonga lililia kama ngoma. Akamuuliza: umekonda? Umeona damu ukienda haja kubwa, au choo cheusi kama lami? Unatapika? Homa? Macho yamewahi kugeuka manjano? Unafungua choo? Mwanawetu alijibu hapana, hapana, isipokuwa magadi ndiyo yaliyomtapisha, na choo kilikuwa kigumu, siku tatu mara moja. Akapimwa uzito. Haukupungua, ulilingana na ule ulioandikwa kwenye daftari lake mwaka jana.

Kisha wakamhamishia chumba cha kipimo cha picha. Walimpaka kitu cha baridi, na daktari akakipitisha kifaa juu ya tumbo huku akitazama kioo chenye vivuli. Mwanawetu hakutazama kioo. Alitazama midomo ya daktari, akisubiri ikunjike.

"Hili ini lako, halina neno. Figo hizi. Kizazi hiki hapa, kitupu, na pembeni hakuna uvimbe. Maji tumboni hakuna. Hapa nyuma sioni vizuri, gesi inaziba picha. Umejaa gesi, mama."

Daktari alidhani amempa habari njema. Mwanawetu aliinuka nusu.

"Hata mama mdogo waliambiwa gesi! Wakasema gesi, gesi, mpaka tukamzika!"

Saturnini aliweka kifaa chini. "Waliosema ni nani?"

"Watu. Na muuza dawa."

"Alipigwa picha kama hii?"

"Hapana."

"Alikonda?"

"Akabaki mifupa."

"Tumbo lake asubuhi lilikuwa linashuka?"

Mwanawetu alijaribu kukumbuka. Mwanzoni labda, lakini alipoanza kukonda, halikushuka tena hata siku moja, asubuhi wala jioni.

"Lako?"

"Asubuhi linakuwa bapa."

"Basi sikiliza. Sikuapii, maana mimi si Mungu. Nakwambia ninachokiona. Ninachokiona leo si kile kilichomuua mama yako mdogo. Sasa nieleze, tangu unaamka mpaka unalala, unakula nini, na unakulaje. Usinifiche."

Alianza kwa kusitasita. Bi Sabaha ndiye aliyemkatiza kila alipopunguza. Soda ngapi? "Moja," akasema Mwanawetu. "Tatu," akasema bibi. "Chupa naziona." Mbaazi? Kila siku. Zinalowekwa? Hapana, zinateremshwa sufuriani na maji yake, zinachemshwa haraka kwa sababu kuni ni chache. Anakula saa ngapi? Hapo akasimulia kuhusu wageni, na njaa, na matonge ya haraka gizani. Alipofika kwenye mkaja, daktari alitikisa kichwa. Alipofika kwenye kujizuia, alikatisha, akamtazama mkwewe, kisha ukuta.

"Unabana upepo," daktari akamsaidia.

"Ndiyo."

"Siku nzima?"

"Chumba kina watu, daktari. Na udhu."

Daktari hakucheka, na kwa hilo Mwanawetu alimshukuru maisha yake yote. Alimweleza polepole kwamba upepo ule hauna njia nyingine ya kupita. Ukibanwa huku unazunguka kule, unasukuma mbavu, unafika hata begani ukamdanganya mtu kuwa ni moyo. Kwamba mtu akila kwa pupa anameza hewa pamoja na tonge, na soda ni hewa ya kununua. Mbaazi hazina kosa, ila ziloweke usiku kucha, maji yale yamwagwe, zichemshwe kwa maji mengine mpaka zilainike, na sahani iwe ndogo. Asishinde njaa kisha akala chakula cha watu wawili. Anywe maji ya kutosha choo kilainike. Magadi aache. Tangawizi kwenye chai haina ubaya. Mkaja autupe leo leo.

"Na utembee," akamalizia. "Kukaa mkekani tangu asubuhi hata utumbo nao unalala. Eda inakukataza kuzunguka uani kwako?"

Bi Sabaha akajibu kwa niaba yake: "Haikatazi. Mimi nitatembea naye."

"Rudi baada ya wiki tatu. Ukiona damu, ukikonda, ukianza kutapika, au macho yakibadilika, usingoje hizo wiki tatu."

Walirudi na karatasi. Hamidi aliisoma, akaikunja, akaonekana mtu aliyetuliwa mzigo. Zuleha aliitazama bila kuishika.

"Karatasi huandikwa na mtu," akasema. "Tumbo si hilo hapo? Bi Zuhra anakuja kesho."

Na kweli tumbo lilikuwa hapo, limejaa njia nzima kutoka Nachingwea. Mwanawetu alitamani ardhi ipasuke. Bi Sabaha alimwambia binti yake kitu kirefu kwa Kimwera, chenye makali, kisha akageukia Kiswahili ili kila mtu aelewe.

"Bi Zuhra aje. Aje asubuhi, mapema, aje tena alasiri. Aone mara mbili."

Jioni ile bibi aliloweka mbaazi kwa mkono wake mwenyewe, akafunika kwa sahani. Mwanawetu alipewa uji mwepesi na ndizi, akaambiwa atafune hata uji. Kisha wakatoka uani, mjane mwenye gauni jeupe na mzee mwenye fimbo, wakazunguka nyumba. Mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Kila tumbo lilipomsonga Mwanawetu alisimama, akatazama pembeni, na bibi akawa kiziwi kwa makusudi. Wakaendelea.

Alilala akiwa na swali moja: je, kesho likigoma kushuka? Mambo mangapi hugoma siku yanapohitajika? Alipoamka kwa adhana ya alfajiri hakuthubutu kuweka mkono. Alilala chali, akahesabu pumzi kumi, ndipo akagusa.

Bapa.

Bi Zuhra alifika jua likichomoza, mwanamke mnene asiye na haraka, aliyewatia unyagoni nusu ya wanawake wa pale. Alimpapasa Mwanawetu kwa vidole vinene vya moto, akibonyeza chini ya kitovu, akitafuta. Zuleha alisimama mlangoni, mikono kifuani. Mwanawetu aliuma pindo la kanga. Kungwi alimaliza, akaenda zake kunywa chai. Mchana ule Mwanawetu alikula mbaazi zilizolowekwa, kidogo, taratibu. Hata hivyo alasiri tumbo lilikuwa limepanda, si kama juzi, lakini limepanda. Bi Zuhra akaingia tena. Alipoliona, nyusi zikamwinuka, na moyo wa Mwanawetu ukasimama.

Kungwi alipapasa tena pale pale. Kisha akaligonga tumbo kwa kidole. *Ndu.* Akamgeukia Zuleha.

"Mtoto gani huyu anayetoka tumboni alfajiri na kurudi alasiri? Anakwenda shamba?"

Mtu mmoja alicheka uani. Bi Zuhra hakucheka.

"Hapa hamna mtu. Hapa mna upepo. Na wewe Zuleha, ulimi wako umeingia nyumba ya Awadhi. Uutoe mwenyewe. Mimi sitakutolea."

Hiyo hofu ya kwanza iliisha siku ile. Ya pili haikuisha hivyo. Kwa wiki tatu Mwanawetu aliamka akijitazama macho kwenye kioo cha simu. Siku moja ya hitima alikula maharage ya shughuli, yaliyopikwa chapuchapu, na tumbo likamjaa hata akaomba asamehewe na kila mtu, akidhani saa yake imefika. Bibi alimtoa uani wakazunguka nyumba mpaka likashuka. Nachingwea walimpima tena: uzito ule ule, picha safi, choo sasa cha kila siku. Saturnini aliandika mstari mmoja daftarini akampa mkono Bi Sabaha. Wakiwa njiani kurudi Mwanawetu alisinzia, mara ya kwanza kusinzia mchana tangu mumewe afe.

Alitolewa eda mwishoni mwa Oktoba, korosho zikiwa zinaanguka. Zuleha alikwishakwenda kwa mke wa Awadhi. Alichosema huko hakijulikani, ila kuni zilianza tena kuonekana mlangoni. Kwa wifi yake alikuja siku ile ya kutoka eda, amebeba kanga mpya, doti nzima, akaiweka mapajani mwake.

"Wifi, nilikosea. Niliogopa kwa ajili ya jina la kaka yangu."

"Na mimi niliogopa kwa ajili ya roho yangu," Mwanawetu akasema. Aliipapasa kanga. "Nimekusamehe. Lakini kuna siku utaniona nimenuna, nitakukumbuka tu. Siku hiyo usinishangae."

"Sitashangaa."

Akaifungua doti, akaikata katikati kwa wembe, akajifunga kipande kimoja. Hakukaza. Nje wanawake walikuwa wanamwita atoke.